Malalamiko: apdeti yenu ya chaji imevimbisha betri ya pleya ya mama yangu

Kwenu kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Pleya yenu ya muziki naipenda, sauti yake safi na ina vitufe vya kubonyeza, ndo maana nilimnunulia mama yuko kijijini huko Kilwa, simu za kupapasa zinamshinda na macho nayo hayaoni vizuri, yeye anataka abonyeze tu asikilize Qur'ani asubuhi na taarab zake za zamani wakati anakuna nazi, basi. Miezi minne ya kwanza hakuna shida, anaichajia kwa paneli ya sola, chaji moja siku tatu.

Nilipoenda Idd nikaiwekea apdeti yenu mpya ya programu. Nimerudi Dar hata wiki haijaisha mama anapiga, "mwanangu hii redio inakonyezakonyeza mchana kutwa wala haijai". Nikajua waya, nikatuma mwingine kwa basi, vilevile. Akawa anaipeleka kwa jirani mwenye umeme inalala kwenye chaji mpaka asubuhi, na mwisho nikamwambia aitume.

Mimi fundi simu hapa Temeke mwaka wa tisa sasa. Ilivyofika, mfuniko wa nyuma umeinuka, ukiiweka mezani inayumba, nafungua nakuta betri imetuna kama mto. Nikaweka nyingine mpya nikakaa na mita siku mbili.

Kwenye sola, pleya inalazimisha mkondo wa miliampia 500 hata kama paneli haina nguvu hiyo. Wingu likipita volti zinashuka kutoka 5 mpaka chini ya 4.5, pleya inakata, ikikata tu volti zinapanda, inashika tena inadai zilezile 500, kioo kinawaka, inakata tena. Huko ndo kukonyeza alikokuwa anasema mama, na kile kioo kinakula chaji kuliko inayoingia. Toleo la zamani lilikuwa linapunguza lenyewe mpaka miliampia 100 linaendelea polepole, nyie mmeliondoa hilo sijui kwa nini!

Kwenye umeme wa ukutani nako shida nyingine. Betri ikifika volti 4.2 inashikiliwa hapo, mkondo unapungua mpaka ubaki kama sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo halafu inakata, hapo mko sawa kabisa. Lakini ikishuka asilimia 99 tu inaanza upya, usiku mzima inapanda inashuka juu kabisa, na betri ya lithiamu kama hii ikikaa imejaa hivyo kwenye joto inazeeka haraka sana. Na joto lenyewe hamliangalii. Betri yenu ina waya wa tatu wa kupimia joto, nimeuona kwa macho yangu, nikaiweka dirishani jua la saa saba ikafika nyuzi 50 bado inachaji tu, wakati ilitakiwa isimame kwenye 45. Huko Kilwa mama anachajia dirishani, angechajia wapi tena paneli iko juu ya bati?

Nimewaandikia mara mbili mnanijibu ninunue betri mpya. Betri sio tatizo jamani, hata hii mpya mtaiua na hiyo programu. Na betri iliyovimba ni hatari, mama analala nayo kichwani kwenye mto.

Naomba mrudishe ile ya kupunguza mkondo umeme ukiwa mdogo, chaji isianze tena mpaka ishuke hata asilimia 95, waya wa joto usomwe, na mtu akitaka iishie 80 aweze kuchagua. Najua hiyo itachukua muda, sawa. Ila kwa sasa nitumieni faili la toleo la zamani na mfungue njia ya kurudi nyuma, maana mmeifunga, nikijaribu inakataa. Pleya iko hapa mezani kwangu, nikilipata naliweka siku hiyohiyo naituma kwa basi.

Mteja wenu,
Fundi simu, Temeke