Barua ya wazi kwa binamu yangu anayetafuta barabara isiyo na malori

Binamu,

Salamu nyingi kutoka huku juu, milimani Usambara. Wazee hawajambo, ila baridi inawasumbua magoti. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu wenzako mnaoendesha nao baiskeli alfajiri pale Dar wamekuwa wakiniuliza lile lile ulilouliza wewe: wapi mtu anaweza kukanyaga pedeli siku nzima bila fuso kumpulizia moshi usoni. Isitoshe wewe ni mtani wangu, na mtani husemwa hadharani.

Umesema mpango wako ni kushukia Mombo, kupanda lami hadi Lushoto, kupiga picha na kuteremka. Kwa anayetaka kujipima miguu, hakuna ubaya. Mombo iko mita 400 na kidogo juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama mita 1,400, na katikati kuna kilomita zipatazo 33 za kona baada ya kona. Lakini usije ukawaambia watu kwamba hiyo ndiyo barabara tulivu ya Usambara. Huo ni mlango mkuu wa mlima. Kabichi, viazi, karoti, mapeasi na mbao vyote vinashukia humo, na mabasi yanapandia humo humo. Barabara imechongwa ubavuni, huku ukuta wa mawe, huku korongo lenye mto. Dereva anayeshuka na shehena amezikariri kona zote, na hapo ndipo penye hatari: anapiga honi, anaamini umesikia, anakata kona. Masika ikikolea, mawe nayo huporomoka barabarani bila kupiga honi.

Ukishikilia kuipanda, basi ondoka Mombo gizagiza, kabla jua la bondeni halijawaka. Ukifika Soni, pale penye maporomoko ya maji, shuka, unywe chai ya rangi na chapati. Utulivu unaanzia hapo, kwa masharti kwamba uikubali barabara ya vumbi.

Kutoka Soni kuna njia inayokata kwenda Bumbuli. Inapita kwenye migomba, mibuni na mashamba ya chai ya wakulima wadogo, na asubuhi utawakuta watu wamejitwika vikapu vya majani mabichi wakiyawahisha kupimwa. Mbele zaidi ya Bumbuli kuna msitu wa Mazumbai, ulio mikononi mwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ni msitu wa mvua ambao haukuguswa sana, na wanaosomea miti na ndege wanaupenda kupita kiasi. Ila njia ya huko ina vijiwe vya mto vinavyoteleza na vipande ambavyo hata bodaboda hushusha abiria. Utasukuma baiskeli, binamu, ujue hivyo kabla hujaja.

Mimi ningekupeleka kwanza Magamba, kwenye msitu wa hifadhi, na humo ningekuweka muda mrefu.

Unaipita Lushoto mjini, ule mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, unapanda kuelekea kaskazini, na baada ya kilomita chache hewa inabadilika. Kwanza mikaratusi na misonobari iliyopandwa kwa mistari, kisha mistari inakwisha na msitu wenyewe unaanza. Humo kuna mikulo, ile miti mikubwa ambayo mbao zake zina harufu ya kafuri, iliyokatwa sana zamani kiasi kwamba mikongwe iliyobaki watu wanakuonyesha kwa kidole. Mbega wako juu; huwaoni mpaka mmoja aruke, na ule mkia mweupe ukafuata nyuma. Ukungu unaweza kukukuta saa nne asubuhi ukakaa hadi mchana. Usipambane nao. Washa taa, shika upande wako, endelea taratibu.

Njia za ndani ya hifadhi zina kibali na mwongozaji wake, na ni haki kulipia. Barabara ya umma inayopasua msitu haina kiingilio. Ukitaka mzunguko mfupi, shika njia ya Migambo na Mkuzi: msitu, mashamba, msitu tena, magari ya kuhesabu. Ukitaka siku nzima, shika barabara ya Lukozi, uendelee hadi Sunga, na mwisho Mtae, karibu kilomita 60 kutoka Lushoto. Barabara hiyo inatembea mgongoni mwa mlima, hivyo unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na jioni huelewi ni kilima gani hasa kilichokumaliza. Mtae iko ukingoni kabisa. Chini yako ni nyika ya Mkomazi, mbele milima ya Upare, kando ni upande wa Kenya, na asubuhi isiyo na wingu Kilimanjaro inaonekana. Lala huko. Gesti ni za kawaida, maji ya moto huja kwa ndoo, na ukibahatika kuna bada au ugali na maharage.

Mlalo pia usiiache, hata kama ni kwa kupinda njia. Kuna nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao zilizonakshiwa, zimesongamana juu ya kilima, sijaona mfano wake kwingine mlimani. Na ukitazama mashamba ya bonde lile, kumbuka kwamba miaka ya 1940 Waingereza walianzia hapo mradi wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wasambaa, wenyeji wa mlima huu, hawakukataa udongo wao uhifadhiwe. Walikataa kulimishwa kwa amri, na mradi ukafa kabla ya uhuru. Wakulima wenye matuta leo wamechimba kwa hiari yao, na baadhi ukiwauliza wanacheka.

Sasa suala la utulivu wenyewe. Wewe ukisema barabara tulivu unamaanisha barabara tupu, na huku hakuna barabara tupu. Mlima huu umejaa watu. Kilichopungua ni injini. Utakutana na wanafunzi wa msingi wamebeba fagio na kuni za shule, kina mama wanaotoka gulioni, wazee wenye fimbo na koti zito, Wambugu na ng'ombe wao upande wa msituni. Wote watakusalimia na wote wanatarajia jibu. Kwenye mwinuko wa Magamba utashindwa hata kutamka "shikamoo" kwa kukosa pumzi, na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani atakupita kwa miguu huku akikupa pole. Mpokee pole yake. Kwenye mteremko ndiyo piga kengele mapema, maana baiskeli nzuri haina sauti, na mtu aliyejitwika hawezi kugeuka ghafla. Mimi huona aibu ninapowatazama waendeshaji wageni wakiteremka wamevaa miwani ya kung'aa, kasi kama mbuzi aliyefunguliwa, watu wakirukia mtaroni. Barabara hii wametembea babu zao. Tukipita sisi, tunapitishwa.

Tazama vijana wa hapa wanavyoshuka. Yupo mmoja njia ya Lukozi namkuta mara nyingi, amefunga furushi la majani ya ng'ombe kwenye keria, kubwa hata yeye haonekani ukiwa nyuma yake. Breki ya mbele haina raba. Ya nyuma ameichongea kipande cha tairi kuukuu la gari, akakikaza kwa waya. Kona ikikaribia anashusha mguu wa kushoto, kandambili inasugua udongo, vumbi jekundu linaruka, na baiskeli inapungua mwendo bila haraka wala kelele. Akifika penye mwinuko anashuka na kusukuma, haoni soni. Gia zako ishirini na ngapi zile hazijakufundisha hayo.

Kuhusu hiyo baiskeli yako: tairi nyembamba za lami ziache ukutani. Weka tairi pana zenye meno, hata kama mwendo utapungua. Gia ndogo kabisa uliyonayo ndiyo utakayoitumia kupanda. Raba za breki njoo na za akiba, maana siku ya mvua mchanga na matope vinazila haraka. Fundi wa baiskeli yupo karibu kila kituo, ana viraka, solusheni na pampu, lakini breki za mafuta usimpelekee, utamtesa bure. Chukua koti la mvua na sweta hata kama Mombo unatoka jasho. Mwezi Juni na Julai huku tunawasha moto ndani.

Miezi nayo ina maana yake. Kuanzia Machi hadi Mei usije. Udongo ule mwekundu ukilowa unanasa kwenye tairi hadi gurudumu ligome kuzunguka, na utabeba baiskeli badala ya kubebwa. Januari na Februari ni safi, na Agosti hadi Septemba pia, ingawa asubuhi ni za ukungu.

Wenzako waliouliza kuhusu Amani: huko ni Usambara ya Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, unaingilia Muheza. Kuko chini zaidi, kuna joto na unyevu, na chai za mashamba makubwa. Kutoka Sigi kupanda Amani ni kona za msituni tupu, tamu sana, lakini kwa safari moja chagueni upande mmoja. Usambara mbili kwa wikiendi moja ni tamaa.

Siku ya kuondoka nitakusindikiza hadi Irente, kama kilomita sita kutoka mjini, uione nyika na mashamba ya mkonge karibu mita elfu moja chini ya miguu yako. Pale shambani wanauza mkate wa nafaka na jibini, nunua vya njiani. Kisha ushuke kwa basi, baiskeli juu ya keria, kwa sababu sikuamini na ile lami.

Nijulishe tarehe mapema nimwambie shangazi. Yeye habari za milima hazimhusu. Ameuliza tu kama utakuja na nazi na samaki wakavu, akasema nazi zisiwe chini ya kumi.

Binamu yako wa mlimani