Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Masomo ya Amali ya Skuli Yetu, Wete, Pemba

Assalamu alaykum ndugu wanachama, wazazi, walimu na wazee wetu wa kamati.

Katiba inanitaka niisome taarifa hii mbele ya wanachama 96. Nawasomea nyinyi 38 mliofika. Waliobaki wataisoma kwenye kundi la WhatsApp, ambako mahudhurio yetu siku zote huwa mazuri. Akidi yetu ni theluthi moja, yaani watu 32, kwa hiyo leo imetimia na sita wa ziada, alhamdulillah.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitozirefusha. Kamati ilikaa vikao vitano. Karakana ilisafishwa mara mbili. Tuliungana na skuli nyengine kuadhimisha siku ya Elimu Bila Malipo, tarehe 23 Septemba, kukumbuka tangazo la mwaka 1964. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walikwenda kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji kuangalia uashi, umeme na ushoni. Gari ilichelewa, chakula kilitosha. Cherehani mbili zimetengenezwa. Bustani ya mboga ilikauka wakati wa likizo, na aliyepewa zamu ya kumwagilia anajijua.

Sasa suala la meza za useremala, na lawama kwamba fedha zake zilikuwa za kompyuta, maana ndilo lililowatoa wengi wenu majumbani.

Mwaka jana waliosoma skuli yetu, walioko Dar es Salaam na Maskat, walituletea mchango wa shilingi 1,860,000. Maneno yaliyokuja nao yalikuwa "kwa ajili ya kompyuta au mahitaji mengine ya masomo ya amali". Naomba wenzangu wayasome yote, wasiishie kwenye neno kompyuta. Niliitisha mkutano wa dharura ili wanachama waamue. Ulipangwa saa nne asubuhi. Hadi saa tano na nusu tulikuwa watu 23, na katika hao wapo waliokuja kuuliza kama kuna chai. Nikaambiwa ni msimu wa karafuu. Sawa, karafuu haingoji, nami ninayo mikarafuu yangu. Lakini Jumamosi ile ile kulikuwa na arusi mtaa wa pili, na huko viti havikutosha.

Mkutano haukuwa na akidi, muhula unaanza baada ya wiki tatu, fedha ziko benki. Kamati ikakaa, watu watano, tukaamua kutengeneza meza nne za kazi za useremala zenye jiliwa, yaani kibano cha kushikilia ubao. Pendekezo lilikuwa langu, silikatai. Kama ni kosa, ni la kufanya kazi wakati wengine wamelala.

Waliowahi kuingia karakana kabla ya hapo wanakumbuka hali ilivyokuwa. Watoto walikuwa wanapiga randa juu ya madawati ya darasani. Dawati ni jepesi. Ukiisukuma randa, nalo linakwenda. Basi mmoja anapiga randa na wawili wanalikalia dawati lisitembee, na ubao umebanwa kwa goti. Mwanafunzi anaambiwa achonge ulimi uingie kwenye tundu lake bila kupwaya, atauchongaje na ubao wenyewe unacheza? Meza ya seremala inataka uzito na inataka jiliwa. Bila ya viwili hivyo, somo linabaki kuchorwa ubaoni.

Mwanachama mmoja aliandika kundini kwamba randa ni kazi ya babu zetu na dunia imeshahamia kwenye kompyuta. Namheshimu. Ila nilipopita kwake mwezi uliopita nilimkuta wiki ya tatu anamngoja seremala amalizie mlango wa mbele, na ameuziba kwa turubali. Kompyuta siipingi. Chumba cha kompyuta tunacho, zimo tano, zinazowaka ni mbili. Tangu mwaka 2010 kisiwa chetu kinapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, kwa hiyo hakuna wa kusema umeme hatuna. Kisichopatikana ni mtu wa kununua tokeni. Nimeshanunua kwa mfuko wangu mara nne na sikudai risiti. Tena wizara yetu yenyewe inaitwa ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na Tanzania Bara, kwa sera ya mwaka 2014 toleo la 2023, wameweka mkondo wa amali sekondari. Sisi tunaambizana randa imepitwa na wakati.

La pili, fundi. Inasemwa kwamba fundi ni shemeji yangu. Ni kweli, ni shemeji yangu, na alikuwa fundi kabla sijamuoa dada yake. Mafundi watatu waliulizwa. Wa kwanza alitaka shilingi 700,000 za ufundi peke yake. Wa pili yuko Unguja na alitaka nauli ya boti na pa kulala. Shemeji yangu alitaka 400,000, na baada ya maneno yenu ameapa hafanyi tena kazi ya jumuiya.

Hesabu ni hizi, na mshika fedha anazo risiti: kupasua mbao 280,000, kuzibeba 90,000, jiliwa nne 580,000, ufundi 400,000, gundi, skurubu, misumari na vanishi 135,000. Jumla 1,485,000. Zimebaki 375,000. Mti hatukununua. Ni mfenesi ulioangushwa na upepo wa masika kwa mama mmoja mwanachama, akatupa bure, na kibali cha mti tulikipata kwa njia zinazotakiwa. Miguu ni ya mvinje.

La tatu, ule mpasuko. Meza moja imepasuka juu. Fundi alituambia mapema kwamba ubao wa inchi mbili unataka karibu miaka miwili ya kukauka kivulini, inchi moja kwa mwaka, na wetu ulikuwa na miezi mitatu. Hatukuwa na miaka miwili. Picha iliyosambazwa ilipigwa kwa karibu mno. Mpasuko wenyewe unaingia sarafu kwa wembamba wake. Maalim wa ufundi aliufanya kuwa somo. Mwanafunzi mmoja wa kike wa Kidato cha Tatu alichonga kipande chenye umbo la kipepeo, akachimba nafasi yake kwa patasi kukatisha ule ufa, akakitia gundi na kukigonga taratibu kwa nyundo ya mti hadi kikalala sawa na meza. Nilipitisha kidole, sikuhisi kiungo. Picha ya hilo hakuna aliyeisambaza.

Sasa ada. Ada ni shilingi 10,000 kwa mwaka, bei ya kuku mdogo. Waliolipa ni 31, yaani 310,000. Wasiolipa ni 65, na miongoni mwao wamo wajumbe wawili wa kamati, majina nayahifadhi kwa sasa. Gharama za ofisi na vikao ni 122,000. Ukijumlisha na baki la meza, benki tuna 563,000. Wanaouliza kwa nini hatununui hiki na kile, jawabu liko kwenye hizo 65. Na ajabu ni kwamba waliosema sana kuhusu meza, wengi wao wako humo humo. Mimi nimeshalipa ya mwaka huu na ya mwakani.

Kuhusu mwakani, tunatarajia, inshallah, kuimarisha somo la umeme wa majumbani, kuifufua bustani, na ikiwezekana kupata paneli ya sola kwa chumba cha kompyuta. Kuna watu tumezungumza nao na wameonesha moyo. Mengine yatategemea hali.

Muda wangu wa uongozi umebaki mwaka mmoja. Anayeona anaweza zaidi, fomu zitakuwa kwa katibu, na sharti la kwanza la fomu ni risiti ya ada.

Ufunguo wa karakana uko kwa Maalim wa ufundi. Anayetaka kuziona meza aende Jumatano baada ya adhuhuri, Kidato cha Pili wanakuwa kazini. Asivae viatu vya wazi, chini mna misumari.