Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2025, Pamoja na Maelezo Kuhusu Mahindi ya Jirani

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka. Tulipata misiba mitatu, na katika yote mitatu chama chetu cha uwindaji kilifika na rambirambi yake. Kwa waliofiwa, tunarudia pole.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Usafi wa shamba tunalokodi kwa uwindaji ulifanyika Machi, tukajitokeza watu tisa. Wanachama sita wapya walimaliza kozi ya usalama wa uwindaji na kupata kadi zao. Ambao bado, nawakumbusha kwamba hapa Kentucky kila aliyezaliwa Januari 1, 1975 au baada ya hapo lazima awe nayo. Na kwa kuwa nusu yetu tuliandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa kule kwenye kambi ya wakimbizi, tunaye mzee mmoja aliyekaa darasani na watoto wa miaka kumi na miwili kwa sababu ya siku ambayo hata marehemu mama yake hakuijua. Wikendi ya vijana kuwinda, Aprili 5 na 6, ilikufa kwa mvua. Ndiyo wiki ile Mto Kentucky ulipofurika hadi Frankfort, na hakuna mzazi ambaye angenikabidhi mtoto siku hizo. Mbuzi wa Julai alichinjwa na akaliwa. Msimu wa kulungu ulipita salama.

Bata mzinga tuliopata majira ya kuchipua ni sita, madume wakubwa wanne na wachanga wawili. Mwaka jana walikuwa kumi na mmoja. Najua hesabu hii ndiyo inayosemwa pembeni, kwamba ilipungua kwa sababu mwenyekiti alifunga upande wa mashariki wa shamba na kumwita afisa wa wanyamapori, na nitaifikia.

Mahudhurio na ada

Mikutano minne iliitishwa. Wa kwanza walikuja watu kumi na wanne, wa pili kumi na mmoja, wa tatu saba. Wa nne ulipangwa Mei 3, nikaambiwa baadaye kwamba ni siku ya Derby, mbio kubwa za farasi kule Louisville, na watu wamechukua zamu za ziada. Tulikuwa wanne pamoja na mimi na mtoto wa katibu. Chama kina wanachama arobaini na mmoja. Watu arobaini na mmoja wanaweza kuandika ujumbe mia mbili kwenye WhatsApp usiku mmoja kumjadili mwenyekiti, lakini kukaa naye chumba kimoja kwa saa mbili imeshindikana.

Ada ni dola 150 kwa mwaka. Waliolipa yote ni kumi na tisa. Waliolipa nusu ni wanane. Kumi na wanne hawajatoa hata senti, na kati yao wapo waliowinda. Tulianza na akiba ya dola 460, ada zikaleta 3,450, michango ya mbuzi 385. Kodi ya shamba ilikula 3,200, bima 290, kamera mbili za kufunga mtini 138, vibao na rangi ya mpaka 74, sherehe 412. Zimebaki dola 181. Petroli ya kwenda shambani mara ishirini na kitu sikuidai, na siidai sasa. Nataja tu ili ijulikane.

Suala la mahindi

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana, na mara nyingi na watu ambao hawakuwepo.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi Aprili 12, kwa siku 23 kama ilivyo kawaida ya Kentucky. Siku hiyo ya kwanza nilipata dume, upande wa magharibi, karibu na kijito. Nilimripoti kwa simu kabla ya saa sita usiku kama sheria inavyotaka. Nilipompasua nyumbani nilikuta punje za mahindi katika kile kifuko cha shingoni anachohifadhia chakula kabla hakijafika kwenye firigisi. Hili nimelisema mwenyewe mbele ya watu watatu, sikufichuliwa na mtu. Nilidhani ni masalia ya shamba la ng'ambo ya barabara lililovunwa mwaka jana. Mahindi yanayodondoka wakati wa mavuno ya kawaida hayahesabiwi kuwa chambo, yaani chakula cha kuwavutia wanaowindwa, na bata mzinga hutembea mbali. Kwa hiyo maneno kwamba "mwenyekiti alijua tangu siku ya kwanza, akajipatia wake kisha akafunga mlango" si kweli. Niliona punje. Mtu anaweza kuona punje asione gunia.

Katikati ya wiki katibu alianza kulalamika. Madume walikuwa wakilia juu ya miti yao kabla ya mapambazuko kama kawaida, wakishuka wanaelekea mashariki moja kwa moja, bila hata kugeuza shingo. Apige kisanduku cha kuitia, aweke sanamu ya jike, hola. Dume wa Aprili asiyegeuka akiitwa na jike ana sababu. Jumamosi tarehe 19 tulikwenda wawili na darubini hadi kwenye uzio. Hatukuvuka, narudia, hatukuvuka. Upande wa pili, ndani ya msitu wa jirani, palikuwa na rundo la mahindi ya njano lenye upana wa meza, ndoo nyeupe imelala pembeni, na kibanda cha kuvizia kikilitazama. Kutoka kwenye rundo hadi uzio wetu, kwa makadirio ya macho, ni hatua sitini. Kutoka kwenye nyumba ya jirani ni mbali, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba alikuwa analisha ndege wa uani. Hata kulisha wanyamapori tu, nje ya eneo la nyumba, hapa kwetu kunakatazwa kuanzia Machi 1.

Usiku ule nilifunga upande wote wa mashariki, ekari 90 kati ya 140, na asubuhi ya Pasaka saa kumi na mbili nikatangaza kwenye kundi. Jumanne afisa wa wanyamapori alifika kwa sababu nilimpigia simu mimi.

Hayo ndiyo makosa yangu mawili, kama ni makosa. Niyaeleze.

Kwanza, kufunga. Kuwinda bata mzinga juu ya chambo ni kosa, hata kama mahindi hukuyamwaga wewe. Na eneo likishawekwa chambo linahesabiwa kuwa na chambo kwa siku 30 baada ya chakula kuondolewa. Tarehe 20 msimu ulikuwa umebakiza siku 15. Hata kama jirani angetubu siku ileile akazoa punje moja moja kwa mkono, upande ule usingekuwa safi kabla ya Mei 4. Nilimwuliza afisa ni hatua ngapi kutoka uzio zinatosha. Hakunipa hesabu, alisema tukae mbali. Waliopendekeza tukae njiani, kati ya miti wanayolala na rundo lenyewe, "maana sisi hatujamwaga kitu," walikuwa wanapendekeza kuvuna mahindi ya jirani kwa bunduki.

Na kuna jambo ambalo baadhi yenu mmelichekea. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Nina wanachama tisa ambao makaratasi yao yako njiani. Nani angesimama na mmoja wao mbele ya ofisa wa uhamiaji aeleze habari za bata mzinga? Mnaniita mwoga wa wazungu. Sawa. Mwoga huyu hajapoteza mwanachama hata mmoja.

Pili, kumwita afisa. Hapa naelewa uzito wake kuliko mnavyodhani. Wengi wetu tulipita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Kule mtu mwenye sare ya wanyamapori hukumwita, ulimsikia akija ukaficha sufuria. Hata mimi gari lake lilipoingia getini, nikiwa na leseni mfukoni na mkataba mkononi, miguu ilitaka kukimbia. Lakini fikirini. Kama angepita mwenyewe akakuta rundo hatua sitini kutoka kwetu na alama za matairi yetu upande huu, angeanza kumwuliza nani? Nilitaka maneno yetu yafike kabla ya macho yake. Alichomfanyia jirani sikijui na si kazi yangu kukijua. Ninachojua ni kwamba wiki ile ndoo haikuwepo tena.

Limesemwa pia kwamba katiba inataka maamuzi ya namna hii yapitie kamati. Ni kweli. Kamati ni watu watano. Usiku ule nilipiga simu tatu, akapokea mmoja, naye alikuwa kazini kwenye mashine na hakunisikia vizuri. Sikuwapigia wawili wengine kwa sababu ilikuwa imepita saa tano. Kama hilo ndilo kosa, nalipokea. Lakini kuna mtu aliyeandika kwamba hakushauriwa, na huyo ni mmoja wa wale wasiopokea.

Lilitolewa pia wazo, nadhani kwa hasira, kwamba na sisi tumwage yetu, rundo kubwa kuliko lake. Nililikataa siku ileile, na nisingependa lirudi. Achilia mbali sheria. Yale mahindi ya kulishia wanyama yalikuwa yamelala juu ya udongo uliolowa, baada ya mvua zile. Sisi tunajua mahindi yaliyolowa yanageuka kuwa nini. Mwaka 2004 Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi ya nyumbani. Na sumu hiyo ilijulikana kwa mara ya kwanza kupitia ndege hawahawa. Mwaka 1960 Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 wa kufugwa walikufa, na chanzo kilikuwa chakula chao chenye karanga zilizoota ukungu, zilizotoka Brazil. Bata mzinga ni dhaifu mno kwa sumukuvu, na vifaranga ndio zaidi. Rundo la Aprili linaweza kuua wa Juni, na hutawaona wakifa. Na rundo huwakusanya kulungu, rakuni na kila mwenye mdomo, kila mmoja akiacha mate yake. Ndege hawa walibaki wachache sana Kentucky, wengi wao kule Land Between the Lakes, eneo la hifadhi magharibi mwa jimbo, mpaka serikali ilipoanza kuwahamisha na kuwasambaza upya. Sisi tumekuta kazi imeshafanywa na watu wengine.

Nitaje pia safari ya mzee wetu mshauri, maana mmeniuliza kwa nini siizungumzii. Mwanzoni mwa Mei, bila kunijulisha, alikwenda kwa jirani na sahani ya sambusa. Alikaribishwa barazani, akakaa saa nzima. Ninavyoelewa kutoka kwake, Kiingereza cha mzee kikiwa kilivyo, jirani alisema mahindi yaliwekwa kwa ajili ya mjukuu ambaye hajawahi kupata ndege, na kwamba hakujua kama upande wetu kuna watu wanaowinda kwa kulipia. Akasema pia kwamba kama tungegonga mlango angeyaondoa. Namheshimu mzee. Nasema tu kwamba alipofika, mahindi yalikuwa yameshaondoka, na hayakuondolewa na sambusa. Jirani sasa humpungia mzee mkono akiwa kwenye trekta. Mimi ananitazama tu.

Mama mwenye shamba alinipigia simu Juni. Hakufurahia kusikia habari ya afisa kutoka kwa majirani kabla ya kuisikia kwangu. Hapo ana haki, nilipaswa kumpigia kwanza yeye. Mkataba unaendelea hadi mwisho wa Februari. Baada ya hapo alisema tutaona.

Mwaka ujao

Tunatarajia kuhuisha mkataba. Ikishindikana, tunatarajia kupata shamba lingine, pengine lililo karibu zaidi na Lexington. Kuna wazo la kutembelea majirani wote wa mpakani kabla ya Aprili, na nimemwomba mzee atangulie. Kamera moja itahamishiwa uzio wa mashariki, ikitazama upande wetu. Tunatumaini pia kununua mashine ya kukatia nyasi, ada zikiruhusu. Wale waliodai warudishiwe nusu ya ada kwa sababu ya ekari 90, wanne kati yao hawakulipa ada hiyo, na waliobaki wawili tutawasikiliza kwenye mkutano.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya pili ya Januari, saa nane mchana, mahali palepale. Hakuna Derby siku hiyo, nimeangalia.

Mwisho, funguo za geti zilitolewa kumi na mbili. Zimerudi kumi. Mama mwenye shamba anaziulizia, na mbili hizo zinatakiwa kwa mweka hazina kabla ya mwezi kwisha.

Mwenyekiti