Barua kwa Salim: vitabu vya zamani usivigawe

Columbus, Ohio

Ndugu yangu Salim,

Salamu sana. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza. Nimecheka kusikia kwamba bado mnacheza ule mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi, Dungeons & Dragons kila Jumamosi, na dadu la pande 20 ni lile lile moja, mnapokezana kama kikombe cha kahawa.

Umeniuliza kama mhamie toleo la 2024 la vitabu vya kanuni zake. Kusema haki, kitabu cha wachezaji ni kizuri. Kimepangika, na mhusika wa aina ya mpiganaji sasa ana la kufanya zaidi ya kupiga tu. Lakini usidhani kimetoka kwa sababu cha 2014 kilikuwa kimechakaa.

Mchezo huu hauna faida kubwa kwa kampuni inayouuza. Mmoja akinunua vitabu, watano wanacheza miaka kumi. Ninyi si ndio hao? Desemba 2022 Cynthia Williams, aliyekuwa akiongoza Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, aliwaambia wawekezaji wa Hasbro, kampuni mama yao, kwamba mchezo bado hauingizi pesa inavyotakiwa: waendesha mchezo, wale wanaosimulia kisa na kusimamia kanuni, ni kama asilimia 20 tu ya wachezaji, nao ndio wanunuzi wakubwa. Waliobaki, wewe ukiwemo, ndio wanaotafutwa. Mwaka huo huo Hasbro walikuwa wameinunua D&D Beyond, tovuti ya vitabu na wahusika wa mchezo huu, kwa dola milioni 146.3, na huko mchezaji huweza kulipia usajili wa kila mwezi.

Haikupita hata miezi miwili tangu maneno hayo ya Williams, ikavuja rasimu ya leseni mpya. Ile ya 2000 ilimruhusu yeyote kutunga na kuuza vitabu kwa kanuni zao bila kuwalipa. Hii ikataka anayeingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka awakatie hadi asilimia 25 ya kinachozidi hapo. Watu wakachachamaa, wakajitoa D&D Beyond kwa wingi, na kabla Januari haijaisha kampuni ikasalimu amri, ikaziachia kanuni za msingi chini ya Creative Commons, leseni huria inayomruhusu yeyote kuzitumia.

Lakini mimi lililonikera ni la Agosti 2024. Walitangaza kwamba katika karatasi za wahusika, zile zinazoandikwa uwezo na vifaa vya kila mhusika, za D&D Beyond, uchawi na vifaa vya toleo la zamani vitaondolewa, viwekwe vipya, hata kwa aliyevilipia vya zamani. Kelele zikapigwa, wakaacha. Sawa, wameacha. Ila nimeshajua kwamba nilichonunua kule hakiko mkononi mwangu. Kitabu chako cha karatasi, hata kikiwa kimeng'oka jalada, hakuna atakayekuja usiku kukifuta kurasa.

Basi mkitaka toleo jipya, nunueni hicho kimoja cha wachezaji, dola 50 kasoro senti, mchangiane. Visa vyenu vya zamani mtaendelea kuvitumia nacho. Usajili wa kila mwezi achaneni nao.

Nijibu mapema. Dada anakuja Mombasa Desemba, na begi lake limebaki na nafasi ya kitabu kimoja. Dadu nimeshanunua, seti tatu.

Wako,
Hamisi