Anti, mume wangu anasema labda nikienda chuo nitajua kuhesabu

Shikamoo anti. Ni saa tisa usiku na sijalala, najua kukikucha nitafuta yote haya kwa hiyo nakutumia hivi hivi yalivyo. Nisamehe kwa maandishi, kioo cha simu kimepasuka.

Mume wangu juzi kaniaibisha. Wifi yangu alikuja kutusalimia, akauliza eti wifi nasikia unaenda chuo, kabla sijafungua mdomo yeye akadakia, "Mwache akasome, labda safari hii atajua kuhesabu." Wakacheka. Wifi alicheka mpaka akashika kifua, na katoto kangu ka mwisho nako kakacheka wala hakajui kanacheka nini. Mimi nikaingia jikoni nikajifanya naangalia wali.

Anti mimi ni dalali. Sio wale wa kukaa chini ya mwembe na kibao cha vyumba na fremu, ingawa sa hivi ndo nafanya hivyo hivyo vyumba, nitakueleza. Mimi nilikuwa dalali wa viwanja na mashamba, barabara ya Bagamoyo yote ile, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege mpaka Zinga. Unaikumbuka ile miaka ya mradi wa bandari ya Bagamoyo, 2013 wamesaini na Wachina, Oman nao wakaingia, kila mtu anataka kiwanja Bagamoyo. Nilikuwa napigiwa simu na watu wako Muscat wananunua kwa picha tu, wanatuma ndugu yao kuja kusaini. Nilikuwa nakula asilimia kumi yangu na cha juu sichukui, muulize mtu yeyote wa njia ile, cha juu sichukui, labda pale mwenye shamba mwenyewe kasema anataka ya kwake kamili inayozidi ni yako, hapo sijamuibia mtu.

Ada za watoto zililipwa na udalali. Bati la nyumba ya Tegeta ni udalali. Hata harusi ya huyo huyo wifi anayecheka, mchango mkubwa ulitoka kwangu, wala sikuutangaza.

2018 nikasema na mimi nitaendelea kuwauzia watu mpaka lini, ninunue shamba langu nikate viwanja. Ekari tano Zinga. Na sikukurupuka anti, nilipiga hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, mara tano ni 20,235, ukitoa robo ya barabara na maeneo ya wazi, inayobaki ukigawa ishirini kwa ishirini unapata viwanja 37. Kila kimoja milioni nne na nusu, yaani shilingi 11,250 kwa mita moja ya mraba, bei ya chini kabisa kwa kipindi kile, wenzangu walikuwa wanauza 15,000. Piga mwenyewe 37 mara nne na nusu. Ni milioni 166 na nusu. Shamba lenyewe milioni 60, kupima na ramani na kuchonga barabara weka 20. Sasa hapo asiyejua kuhesabu ni nani?

Hela tulikopa benki milioni 45 kwa hati ya nyumba. TULIKOPA. Nyumba mnayoishi mke na mume huwezi kuiweka rehani mpaka mwenzio aridhie kwa maandishi, sheria ya ardhi iko wazi, kwa hiyo yeye alikuja benki kavaa shati lake jeupe akasoma makaratasi yote (anajifanya anasoma) akasaini kila ukurasa. Siku hiyo aliniita bosi. Tulipita mahali tukala kuku, akaagiza na bia. Leo ukimsikiliza utadhani niliiba hati chini ya godoro.

Iliyobaki ilikuwa akiba yangu na wateja sita waliotanguliza.

Yaliyofuata unayajua maana nchi nzima inayajua. 2019 Rais Magufuli akasema masharti ya ule mkataba wa bandari hayafai, mradi ukasimama, na huku serikali ilishahamia Dodoma wenye hela wote macho yao yako Dodoma. Nikakaa na viwanja vyangu. Halafu corona, wale wa nje ndo wakapotea kabisa. Na katikati ya hayo ikatokea familia inasema ekari mbili kati ya zile tano walishauziwa wao na yule mzee aliyeniuzia, kabla yangu, wana karatasi yao. Mzee ameshafariki, watoto wake wanasema hawanijui. Na usiniambie kwa nini hukufanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, anti, shamba halikuwa na hati utafanya upekuzi wa nini? Nilikuwa na mashahidi, majirani wa mpaka wote walisaini, karatasi zina mihuri. Kesi iko baraza la ardhi mpaka leo, inaahirishwa tu.

Riba haikusubiri kesi. Nyumba ikapigwa mnada. 2021 Mama Samia akasema mazungumzo ya bandari yatafufuliwa, madalali wenzangu siku ile ile wakapandisha bei, mimi niko kwenye kirikuu nahamisha vyombo kwenda nyumba ya kupanga.

Nimelia nimemaliza. Nikaanza upya na vyumba, unampeleka mtu anaona chumba, anampa mwenye nyumba kodi ya miezi sita na wewe ya mwezi mmoja, kama hajakuzunguka akarudi peke yake kesho yake. Wanazunguka sana. Ila watoto hawajalala njaa.

Sasa habari ya kusoma. Watu wanadhani nimechanganyikiwa au nakimbia madeni. Anti biashara imebadilika. Mteja wa siku hizi kabla hujamaliza sentensi anakuuliza hapo mipango miji wanasemaje, ni makazi au ni eneo la kilimo, michoro imeidhinishwa, kuna hati au ni mauziano ya serikali ya mtaa tu. Uthamini nao una sheria yake tangu 2016, bila kusajiliwa hugusi. Na sisi madalali tunaambiwa kila mara kwamba na sisi tutasajiliwa, siku ikifika kweli watauliza vyeti, mimi nina cheti gani, cha ubatizo? Kuna mabinti wa makampuni wanauza viwanja vile vile nilivyokuwa nauza mimi, maeneo hawayajui kama ninavyoyajua, hawajui wapi maji yanajaa masika, lakini wana cheti na wanavaa koti, na mteja anawaamini. Nikamwambia rafiki yangu mmoja ngoja na mimi nikavae hilo koti.

Ila form four nilikuwa na D tatu, na cheti cha chuo cha ardhi wanataka D nne na dini haihesabiwi. Nikajiandikisha kurisiti. Nilikuwa nasoma jioni na watoto wa miaka kumi na tisa wananiita mama, mwalimu mwenyewe ananiita mama, nikakaa nao. Novemba nikafanya mtihani, Januari matokeo yakatoka, kiingereza D na hesabu C. C ya hesabu anti. Huyu bwana nilimuonyesha kwenye simu, akasema hongera akarudi kuangalia mpira. Kwa hiyo anajua kabisa nina C ya hesabu na bado juzi kasema vile mbele ya dada yake!! Ye mwenyewe hesabu alipata F, nimeona cheti chake.

Nimepata nafasi Chuo cha Ardhi Tabora, ngazi ya cheti, mambo ya usimamizi wa ardhi, uthamini na usajili. Cheti mwaka mmoja, nikitaka diploma miaka miwili mingine. Nina miaka 42. Nitamaliza nina 45, na wanaosema utakuwa umezeeka nawauliza kwani nisiposoma hiyo 45 haitafika?

Mkubwa yuko form three, mdogo yuko la pili. Mama yangu amesema atakuja kukaa nao. Mume wangu kuhusu hilo anasema fanya unavyotaka, kauli yake siku hizi ni hiyo tu, fanya unavyotaka. Ruhusa yake siitaki anti, nisingekuandikia kwa ajili ya ruhusa. Mimi nilishaamua. Nataka tu asiseme yale maneno mbele ya watoto, maana mkubwa juzi kaniuliza mama kwani ni wewe ulipoteza nyumba yetu. Nikamwambia kaoge.

Kuna kitu kingine kidogo.

Wale wateja sita waliotanguliza, watano nimeshamalizana nao. Wawili nimewapa viwanja kwenye zile ekari tatu zisizo na kesi, wawili nimewarudishia hela kidogo kidogo mpaka ikaisha, mmoja aliye nje alisema niache, Mungu ambariki. Amebaki mwalimu mmoja mstaafu. Alitoa milioni nne na nusu yake kwenye kiinua mgongo, nimemrudishia moja na nusu, bado namdai, yaani bado ananidai tatu. Nilimwambia achukue kiwanja kama wale wawili, akasema mwanangu Zinga sasa nitajenga na nini, mimi nataka kurudi kwetu Korogwe nikamalizie kale ka nyumba, kodi ya Dar imenishinda. Huyu mzee hajawahi kunitukana. Wengine walinitukana, mmoja alikuja na mgambo, huyu hapana. Anapiga simu anauliza watoto hawajambo, anauliza mume wangu hajambo, halafu anasema "haya mwanangu, nilikuwa nakukumbuka tu." Bora angetukana.

Mimi nina milioni mbili na laki nane. Hakuna anayejua, iko kwa mdogo wangu wa kike, nimeidunduliza kwenye vyumba na kwenye kiwanja kimoja cha Mapinga nilichouza mwaka jana. Ndo ada yangu na hosteli na kula. Nikimpa mwalimu inabaki laki mbili ya deni na mzee anaenda kwao, na mimi chuo nimekosa, na mwakani sijui kama nitaipata tena hela ya mkupuo namna hiyo, vyumba vinakupa laki leo keshokutwa imeisha. Nikienda chuo mzee anasubiri mwaka, labda mitatu, na ana miaka 68 na sukari. Lakini nikiwa na cheti nitamlipa haraka zaidi kuliko nikiwa sina, hii nayo ni hesabu, si ndiyo? Nimeipiga mara nyingi usiku huu, ukiiweka hivi inakubali, ukiiweka vile inakataa.

Mdogo wangu anasema usiwe mjinga nenda chuo, mzee ameshazoea kusubiri. Hilo neno sikulipenda. Mama nilimgusia tu juu juu kama habari ya mtu mwingine, akasema deni ni deni. Kwa hiyo usinijibu deni ni deni, nimeshaambiwa. Na usinijibu elimu haina mwisho, hiyo nayo nimeisikia.

Na mume wangu hajui kama hiyo hela ipo. Akijua atasema irudi kwenye kodi ya nyumba, au atasema si unaona ulikuwa nazo unatuficha. Lakini pia kuna wakati nafikiri nimwambie yeye aamue, maana akisema nenda nitaenda na moyo mweupe. Najua nimesema ruhusa siitaki. Siitaki. Ila ningefurahi kama angesema siku moja, hata akiwa amelewa, kwamba na yeye alisaini. Hilo tu. Mbele ya dada yake aliyecheka.

Sijui hata nakuuliza nini. Nadhani nauliza kuhusu mume wangu, nifanyeje na mwanaume ambaye furaha aliila na mimi na hasara kaniachia peke yangu, na je nikiondoka miezi yote hiyo ndo nampa nafasi ya kuwaambia watoto anavyotaka. Na kama una la kusema kuhusu mwalimu sema pia. Kama mtu anaweza kumpigia akamuomba mwaka mmoja, anaanzaje hayo maneno, maana mimi nimeuzia watu mashamba kwa simu lakini hilo nashindwa, nashika simu naweka.

Chuo wanataka tuthibitishe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Ukiweza nijibu kabla. Jina langu usilitoe, na pale nilipoandika Tegeta paondoe, maana nyumba ile wote wa mtaa ule wanajua ilivyoondoka na nani alikuwa dalali.