Askari naye ni mfanyakazi, na mkubwa wake naye ajibu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama itawezekana usiikate sana hii barua mana kuna maneno yakikatwa katikati yanageuka kabisa. Nataka kuongelea askari wetu, polisi na faya. Kila siku tunawaongelea kwa kuwatukana au kwa kuwasifia, mimi leo naomba niwaongelee kama wafanyakazi, watu wenye mwajiri, wenye mshahara, wenye mkubwa anayewapangia zamu, na wenye kazi ambayo ukikosea mtu anakufa.

Mimi ni mstaafu, kazini nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kudai vifaa vya kazi nimedai sana, kumtetea mtu aliyeonewa nimetetea, na pia nimekaa kwenye vikao tukakubaliana kabisa kwamba huyu mwenzetu ameiba na aondoke. Yote mawili ni kazi ya chama. Sasa nikiwaangalia askari naona kwao hakuna hata moja, askari wa chini hana pa kusemea afu jambo likiharibika anabebeshwa yeye peke yake, wakubwa waliopanga, walioamuru au waliokaa na maombi ya vifaa mezani hata hatuwajui majina.

Nianze na faya. Kiangazi kilichopita, ule upepo wa mwezi wa nane wa huku kwetu Dodoma mnaujua, fremu za mtaani kwetu ziliwaka usiku. Moto ulianzia kwa fundi makochi, na sponji ikishika hakuna cha kuokoa, dakika chache tu paa lote lilikuwa jekundu. Gari la faya likafika, likapiga maji, maji yakaisha. Dereva akageuza kwenda kutafuta mengine, hapo ndo watu wakachachamaa, mnakuja na gari tupu, mnakula kodi zetu bure, mawe yakaanza kuruka na kioo cha gari kikapasuka. Kijana mmoja alibaki pale kashika mpira umelala chini kama kamba, anatukanwa na watu wenye umri wa baba yake, na hakujibu hata neno moja. Mpaka leo namfikiria yule kijana.

Jamani hebu tupige hesabu. Gari lenye lita 5,000, mipira miwili ikifunguliwa na kila mmoja ukatoa lita 500 kwa dakika, hapo una dakika 5. Tano tu! Hata gari lije limejaa mpaka juu, moto wa fremu sita hauzimiki kwa dakika 5. Kazi ya faya mjini inategemea sana maji yaliyopo mtaani, zile koki nyekundu wanaziita haidranti, gari linafika linaunga mpira linaendelea. Kwa hiyo maswali ya usiku ule yalikuwa mengine kabisa. Koki ya karibu iko wapi, inatoa maji au imekauka, imefukiwa na kifusi au kuna mtu kajengea kibanda cha chipsi juu yake, na nani kwa jina na kwa cheo anapaswa kuikagua kila mwezi? Majibu yake hayapo kwa kijana aliyeshika mpira. Yapo kwa watu wa maji, kwa jiji, kwa makao makuu ya jeshi lenyewe, na mengine yapo kwetu sisi tuliojenga vichochoro mpaka gari halipiti, afu na wale wanaopiga 114 kufanya utani usiku wa manane.

Na mji huu hatuna kisingizio cha kusema umeota wenyewe. Dodoma imepangwa kuwa makao makuu tangu 1973, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikakaa na ramani zake mpaka ilipovunjwa 2017, mwaka uliofuata tukawa jiji, serikali ikahamia, maghorofa yanapanda Mtumba kwenye mji wa serikali kila uchao. Ila ukitoka barabara kubwa ukaingia ndani Chang'ombe ama Nkuhungu utajiuliza gari la faya lingepita wapi hapa.

Kingine nilichokiona ule usiku. Kulipokucha yule kijana alikaa kwenye ukingo wa mtaro, mama mmoja muuza uji akampa maji anawe uso, yale maji yakatoka meusi. Jaketi lake la moto limelowa limejaa masizi ya sponji na plastiki, akalikunja akaliweka kwenye mfuko wa sandarusi akapanda nalo bodaboda kwenda nyumbani. Ina maana litafuliwa kwenye beseni moja na nguo za watoto. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lile la IARC, liliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la juu kabisa la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Sasa kama ni hivyo, nguo ya moto kufuliwa kituoni ni haki ya usalama kazini kama ilivyo haki ya fundi wa kiwandani kupewa glovu. Je askari wangapi wa faya wameambiwa hilo na wakubwa wao? Tangu sheria ya 2007 zimamoto imetolewa halmashauri ikawa jeshi la nchi nzima chini ya Mambo ya Ndani, basi mwenye dhamana anajulikana, asitafutwe kwa tochi.

Nije kwa polisi. Hapa najua wengine watakunja sura, mana polisi wametuumiza, na mimi sitakwepa hilo nitalifikia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ile inayomlinda mhudumu wa baa na dereva wa lori na karani wa wizara, mwanzoni kabisa inasema haiwahusu JWTZ, polisi, magereza na JKT. Yani masaa ya kazi, mapumziko, kuunda chama, kujadiliana na mwajiri, yote yale askari polisi hayamo. Mwalimu ana chama chake cha kazi, CWT, nesi ana TUGHE, polisi ana nani? Najua ipo tume ya utumishi ya majeshi haya inayohusika na ajira na vyeo na nidhamu, lakini hicho ni chombo cha upande wa mwajiri, askari hajamchagua mtu yeyote kule ndani amsemee. Katiba nayo ibara ya 147 inamkataza kujiunga na chama cha siasa, na hiyo naiunga mkono kwa asilimia mia, polisi mwenye kadi ya chama hatufai. Ila chama cha siasa na chama cha kazi ni vitu viwili tofauti, tusivichanganye makusudi.

Wapo watakaosema polisi wakiwa na umoja watagoma nchi itachafuka. Uingereza polisi waligoma 1918, mwaka uliofuata bunge lao likatunga sheria, likawakataza kugoma na hapo hapo likawaundia chombo chao cha kuwasemea, Police Federation, mpaka leo kipo na kugoma marufuku. Afrika Kusini wana chama cha wafanyakazi cha POPCRU tangu 1989, polisi na magereza humo humo. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), ule wa haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi, unaiachia kila nchi iamue kwa sheria zake kuhusu polisi na jeshi, haijakatazwa popote kuwapa angalau kamati ya kuchaguliwa. Na kwa faya ndo kabisa, watu wa ILO wameshasema mara nyingi kwamba wazima moto hawamo kwenye huo msamaha wa polisi na jeshi, wana haki ya kujiunga kama wafanyakazi wengine.

Twendeni barabarani. Kipindi cha Bunge la bajeti pita njia ya Mtumba saa saba mchana, jua la Dodoma linakuangalia wewe tu, unamkuta trafiki kasimama tangu asubuhi anasubiri msafara. Hakuna kivuli, choo hakuna, na msafara ukichelewa masaa matatu hakuna wa kumwambia kaa kidogo. Dada mmoja trafiki aliwahi kuniambia hanywi maji akiwa kwenye hiyo zamu, kwa sababu akinywa ataenda wapi. Huyu huyu jioni anaweza kupewa lindo, afu kesho yake tunashangaa kwanini ana hasira na bodaboda. Simtetei akimpiga mtu kibao, hapana. Nasema aliyepanga ile zamu ana sehemu yake kwenye kile kibao, na jina lake halitajwi kamwe.

Na wanakufa pia. Aprili 2017 kule Kibiti polisi 8 waliuawa kwa siku moja wakiwa kazini. Tukilia nao siku ya jeneza basi tuulize pia wajane na watoto wamelipwa lini, mana kucheleweshewa mafao kwa familia ya marehemu ni jambo nimelipigania sana kwa wafanyakazi wa kawaida na najua linavyoumiza.

Sasa upande wa pili, na hapa nisieleweke vibaya. Septemba 2, 2012, kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini. Picha zilizotoka zilionyesha askari kadhaa wamemzunguka. Aliyefikishwa mahakamani ni askari mmoja, 2016 akahukumiwa miaka 15. Sawa, mahakama ilifanya kazi yake. Lakini mimi kama mtu wa vikao vya nidhamu najiuliza, watu wote wale pale, kuna mkuu wa operesheni, kuna mipango ya siku ile, kuna mtu alitoa maelekezo, je uwajibikaji wa ngazi hizo tuliusoma wapi? Hatukuusoma. Na hivyo ndivyo inavyokuwa kila mara, askari wa cheo cha chini anafungwa au anafukuzwa, juu yake panabaki kimya.

Kwa hiyo ninaposema askari apewe haki zake sisemi afunikwe. Askari anayeuza dhamana wakati ukutani pale kituoni kwake pameandikwa dhamana ni bure, afukuzwe na tuambiwe kafukuzwa. Anayemkalisha mtu mahabusu siku nne bila mahakama wakati sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka masaa 24, ashtakiwe. Ila na mkuu wa kituo anayekisaini kitabu cha mahabusu kila asubuhi akaona jina lile lile, naye aitwe.

Shida ni kwamba malalamiko yetu tunayapeleka kwa polisi hao hao. Kenya walijifunza kwa machungu yao, tangu 2011 wana IPOA, chombo cha raia cha kuchunguza polisi tu. Sisi tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ina kazi nyingi na inatoa mapendekezo, chombo cha polisi pekee hatuna. Mwaka 2023 tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilizunguka nchi ikasikiliza watu, ikapendekeza Jeshi la Polisi lifanyiwe mageuzi makubwa. Wananchi walisema, ikaandikwa. Tuonyeshwe basi kipi kimetekelezwa na kipi bado, kipengele kwa kipengele.

Mimi ningetaka hivi. Kila moto mkubwa na kila tukio ambalo mtu amekufa au kuumia mikononi mwa polisi, ndani ya mwezi mmoja itoke taarifa ya kurasa mbili, Kiswahili cha kawaida, ibandikwe ofisi ya kata. Simu ilipigwa saa ngapi, gari likatoka saa ngapi, likafika saa ngapi na maji kiasi gani, koki ipi ilijaribiwa, nani alikuwa anaongoza, vifaa gani viliombwa kabla na nani hakuvitoa. Kwa polisi hivyo hivyo, nani aliamuru, nani alikuwepo, zamu zao zilikuwa za masaa mangapi. Taarifa hiyo ingemsaidia mwananchi, na ingemsaidia yule kijana wa mpira kuliko mtu yeyote, mana angepata karatasi inayosema maji hayakuisha kwa uzembe wake. Na kila mkoa askari wachague kwa kura ya siri wenzao wachache wa kukaa na wakubwa kuongelea zamu, nyumba, posho na vifaa, bila mgomo na bila siasa, na aliyesema asihamishwe mwezi unaofuata kupelekwa mpakani. Hili la uhamisho nalisisitiza, nimeona watu wengi wamenyamazishwa kwa barua ya uhamisho kuliko kwa barua ya kufukuzwa.

Wengine wataniuliza pesa ziko wapi. Karatasi mbili na kura ya siri haviombi bajeti kubwa. Kufulia nguo za moto kituoni ni mashine na sabuni.

Mhariri, Bunge liko hapa hapa mjini na nadhani waandishi wako wanaingia. Bajeti ya Mambo ya Ndani itakapowasilishwa naomba waulize maswali mawili tu kwa niaba yetu, na waandike jibu kama lilivyotoka: Dodoma mjini kuna koki ngapi za faya zinazotoa maji leo, na askari akitaka kulalamika juu ya mkubwa wake anampelekea nani ambaye sio huyo huyo mkubwa wake?

Mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma