Malalamiko kuhusu tawi lenu la Kakamega: kuku wangu, unga usio na jina, na kicheko cha kaunta

Khayega,
Kaunti ya Kakamega.

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu.

Bwana/Bibi,

KUH: NILIVYOTENDEWA NA MHUDUMU WENU, NA DAWA ALIYONIUZIA

Nawaandikia kwa heshima, na naomba msome hadi mwisho.

Ilikuwa siku ya soko, nimemleta kuku wangu mgonjwa kwenye duka lenu la dawa na chakula cha mifugo, nalo limejaa. Mhudumu wenu, yule wa koti jeupe, alifungua katoni yangu, akamshika kuku bawa moja na kumwinua juu ya kaunta kila mtu amwone. Kuku alikuwa anahema mdomo wazi, anakoroma, uso umevimba upande mmoja hadi jicho limefunga, kamasi zinamchuruzika puani. Mhudumu akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: “Mathe, huyu si wa dawa. Huyu ni wa sufuria.” Watu wakacheka. Kisha akambwaga juu ya magunia ya chakula cha vifaranga yaliyopangwa pale kando, na magunia hayo nikayaona yakiuzwa nikiwa bado nimesimama.

Bango lenu la mlangoni linasema mlete kuku mgonjwa aangaliwe bure, na kwamba siku ya soko daktari yupo. Taratibu zenu mnazijua kuliko mimi, sitawasomea. Daktari hakuwepo, na aliyekuwepo hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza kama kuku wamechanjwa kideri. Hakuuliza kama wanaharisha kijani, kama shingo zinapinda, kama wanakufa kwa mkupuo au mmoja mmoja. Hakuuliza banda likoje, na huku kwetu msimu wa mvua matandiko yakilowa, ile harufu ya kinyesi inayowasha macho hudhuru pia njia ya hewa ya kuku. Chafya na kukoroma viko kwenye magonjwa mengi. Kideri ni virusi, hakuna dawa inayokitibu, mfugaji hujikinga kwa chanjo. Mafua ya bakteria yana dawa zake, na inafaa kujua ni yapi kabla ya kumpa kuku chochote. Haya yote mimi mfugaji wa nyuma ya nyumba nayajua. Mtu mliyemvika koti jeupe hayajui, au hakuona kwamba nastahili kuulizwa.

Alichofanya ni kuvuta mkebe uliokwisha kufunguliwa, akachota unga wa manjano kwa kijiko, akaukunja kwenye karatasi ya kaki kama anayepima sukari. Jina la dawa hakuna. Tarehe ya kuisha nguvu hakuna. Kipimo: “weka kijiko kwa maji.” Kijiko kipi, maji lita ngapi, kwa siku ngapi? Nikamuuliza kuhusu mayai, kwa sababu nauzia walimu na mama wa chapati hapa Khayega. Akanijibu: “Mayai uza tu.” Nililipa shilingi 250, na ujumbe wa malipo ninao.

Mayai sikuuza. Nilitupa trei baada ya trei nikiona uchungu, kwa sababu antibiotiki huingia kwenye yai, na sikuwa na lebo ya kuniambia nisubiri hadi lini. Sitamlisha mtoto wa mwenzangu dawa nisiyoijua jina.

Kuku waliendelea kufa huku wakinywa maji yenu ya manjano. Ndipo nikampata daktari wa mifugo wa huku mashinani. Alifika na tochi, akawafungua midomo, akanusa zile kamasi zinazonuka uozo, akatazama nyuso zilizovimba, akasema hii ni koraiza, mafua makali ya kuku. Akaniambia niwatenge wagonjwa, nitoe matandiko yote yaliyolowa, nifungue matundu ya hewa ya juu bila kuwapigisha baridi kifuani. Akaniachia dawa kwenye pakiti iliyofungwa, ichanganywe upya kila asubuhi, wasipewe maji mengine, na akaniandikia kwa mkono siku ya kurudi kuuza mayai. Nilipomwonyesha karatasi yenu ya kaki aliigeuza huku na huku, akanirudishia. Hakuweza kuniambia ni nini.

Nimepoteza kuku 11 wa kienyeji walioboreshwa, wote wakiwa wanataga. Waliobaki wanakula, lakini daktari amenionya kwamba aliyepona anaweza kubaki na vimelea vya ugonjwa na kuambukiza kuku wageni. Kwa hiyo hata vifaranga niliokuwa nimepanga kuleta siwezi kuwachanganya nao.

Kabla ya barua hii nilipiga simu kwenu makao makuu. Dada aliyepokea alinisikiliza kidogo, akasema kuku hufa, akanitakia siku njema.

Narudi kwenye ile kaunta, kwa sababu sidhani mmeelewa. Alimwinua kwa bawa moja. Kuku mwenye shida ya pumzi, ananing’inia hivyo, miguu inapiga hewa, na kamasi zikadondoka kwenye kioo cha kaunta mnapowekea chanjo za kuku wa watu. Mimi nimenyoosha mikono nimpokee, yeye anamzungusha ili na wa nyuma waone. “Huyu ni wa sufuria.” Kuna mzee wa makamo ya baba yangu alikuwa pale, akainamisha uso. Kwetu huku kuku ndiye anayemkaribisha mgeni na firigisi yake ina mwenyewe, na hakuna anayepika kuku wa kufa kwa ugonjwa akamwandalia mtu. Yeye aliniambia hivyo mbele ya watu ninaowauzia mayai. Wengine hawajarudi kununua.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie shilingi 250. Mnilipe kuku 11 kwa bei ya soko la Kakamega, mayai niliyotupa, na gharama ya daktari. Mniombe radhi kwa maandishi.

Hapana, maandishi hayatoshi. Nilidhalilishwa mbele ya watu, na radhi ije dukani, siku ya soko, kutoka kwa mhudumu huyo na meneja wa tawi wakiwa wamesimama. Ule mkebe uondolewe kaunta, na waliouziwa yale magunia watafutwe waambiwe.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, karatasi ya kaki na unga uliobaki ndani yake nimeihifadhi. Itafika kwa Kurugenzi ya Dawa za Mifugo na kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, waulize aliyevaa koti lile ana leseni gani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa habari za kutosha kuhusu anachonunua na kulipwa hasara, na Mahakama ya Madai Madogo haihitaji niwe na wakili. Wafugaji wenzangu wa kikundi nao wananunua kwenu chakula na chanjo. Wanasubiri jibu lenu kama mimi.

Jina na nambari yangu ya simu mnavyo kwenye rekodi ya malipo. Safari hii anipigie mwenye mamlaka ya kuamua.

Wenu,
Mfugaji wa Khayega